Seriamu ya jiwe na seriamu ya maji: je, zeolaiti inaweza kuvuna madini adimu?

Swali, kutoka kwa msomaji wa Longido: "Karibu na kwetu kuna tabaka nene la majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba laini. Mtaalamu aliyepita huku alituambia ni zeolaiti. Nilisikia kwamba zeolaiti huvuta madini adimu kutoka kwenye maji. Nikatwanga kilo mbili, nikazitia kwenye mfuko wa nailoni na kuziloweka wiki sita kwenye kijito cha chemchemi kinachoelekea Ziwa Natron. Nikakausha, nikapeleka maabara. Majibu yamekuja: seriamu 168, lanthanamu 91, neodimiamu 60, zote kwa sehemu kwa milioni. Je, nimepata njia ya kuvuna madini haya bila kuchimba? Nikiongeza mifuko nitapata kiasi gani?"

Jibu:

Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe usikae na hamu. Hapana, majibu hayo hayaonyeshi kwamba umevuna chochote kutoka majini. Karibu yote uliyosomewa na maabara yalikuwamo ndani ya jiwe kabla hujalitia kwenye mfuko. Zeolaiti kweli inashika ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za lanthanamu, seriamu na jamaa zake, yaani kundi la elementi tunaloliita hapa madini adimu, na hilo limepimwa mara nyingi katika maabara za nchi mbalimbali. Ila jaribio lako, kwa jinsi ulivyolipanga, haliwezi kutenganisha mzigo wa maji na mzigo wa jiwe.

Nitaeleza kwa nini, lakini kuna jambo lisiloweza kusubiri. Umesema ulitwanga mwamba. Tafadhali usitwange tena mpaka ujue ni zeolaiti ya aina gani. Zeolaiti ni familia ya madini mengi, na miongoni mwake kuna moja iitwayo erioniti, yenye nyuzi nyembamba zinazoruka na vumbi na kujichoma ndani ya mapafu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka erioniti katika kundi la kwanza, yaani la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Huko Kapadokia nchini Uturuki, katika vijiji kama Karain na Tuzköy, watu waliishi vizazi na vizazi juu ya mwamba wa namna hii na kujengea nyumba zao, na sehemu kubwa ya vifo vyao ikatokana na mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu. Bonde letu la Ufa halikosi erioniti. Katika tabaka za Ziwa Magadi upande wa Kenya ni madini ya kawaida kabisa, na imeripotiwa pia kwenye tabaka za kale za Olduvai. Siwezi kukwambia kwa mbali kama mwamba wako unayo. Kipimo cha kuitambua ni cha miale ya eksirei inayosoma mpangilio wa fuwele, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma ndiyo mahali pa kuanzia kuulizia. Kwa sasa, unga uliobaki uloweshe maji, uufunge kwenye chombo chenye kifuniko, na watoto wasiukaribie. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizo.

Sasa turudi kwenye namba zako.

Jumlisha elementi zako tatu: 168 na 91 na 60 ni 319. Maana yake kila kilo ya jiwe ina miligramu 319 za seriamu, lanthanamu na neodimiamu, na kilo zako mbili zina miligramu 638. Hebu tujifanye zote zimetoka kwenye kijito. Wastani unaotumika kwa mito ya dunia, ukishachuja tope, ni takriban mikrogramu 0.26 za seriamu kwa lita, 0.12 za lanthanamu na 0.15 za neodimiamu. Jumla ni kama mikrogramu 0.53. Ili upate miligramu 638 unahitaji lita zipatazo milioni 1.2, na zeolaiti ishike kila chembe bila kuacha hata moja. Zigawe kwa wiki sita: ni kama lita 20 kila dakika, usiku na mchana, zipite katikati ya unga ulio ndani ya mfuko, si pembeni yake. Mfuko wa unga uliolowa hauruhusu hivyo. Maji hupita pale penye upenyo, yaani kando ya mfuko.

Utasema maji ya kwenu si ya wastani wa dunia, na utakuwa na haki. Maji ya magadi yanaweza kubeba elementi hizi kwa wingi kuliko mto wa kawaida. Nitalifikia hilo, kwa sababu ndilo linaloharibu mpango mzima.

Kwanza tuone hizo 319 zimetoka wapi. Mwamba wako ulikuwa jivu la volkano. Volkano za upande huo, Kerimasi, Oldoinyo Lengai na jirani zake, zimetoa lava na majivu ya aina ambazo kwa asili zina lanthanamu na seriamu nyingi kuliko miamba ya kawaida. Oldoinyo Lengai ndiyo volkano pekee hai duniani inayojulikana kutapika lava ya kaboneti ya sodiamu, na lava hiyo ina elementi hizi kwa mamia ya sehemu kwa milioni. Jivu lilipoanguka kwenye maziwa na udongo wenye magadi, kioo chake (lava iliyopoa ghafla) kiliyeyuka polepole na mahali pake zikaota fuwele za zeolaiti: shabaziti, filipsiti, klinoptiloliti, erioniti, analsimu. Mwanajiolojia Mmarekani Richard Hay aliichambua hali hiyo kwa kina pale Olduvai, akaonyesha jinsi aina ya zeolaiti inavyobadilika kutoka ukingoni mwa ziwa la kale kuelekea katikati, kadiri maji yalivyozidi kuwa na chumvi. Kioo kiligeuka, lakini punje ndogo za madini mengine yaliyokuwamo kwenye jivu, kama apatiti (fosfeti ya kalsiamu), zilibaki zilivyo, na hizo ndizo hubeba sehemu kubwa ya madini adimu. Maabara yako iliyeyusha kila kitu kwa pamoja, zeolaiti na punje zake, ikakupa jumla. Wastani wa ukoko wa juu wa mabara kwa seriamu peke yake ni kama sehemu 60 kwa milioni. Kwa jivu la volkano za Natron, 168 haishangazi hata kidogo. Ungepeleka jiwe ambalo halijawahi kuona kijito, ningetarajia upate namba za jirani sana na hizo.

Kwa hiyo kipimo kilichokosekana ni kimoja tu: jiwe lilelile kabla ya kulowekwa. Na hata ukikifanya, tofauti utakayoitafuta ni ndogo mno kuonekana. Chukulia maji yana mikrogramu 1 ya madini adimu kwa lita, na zeolaiti inashika vizuri kiasi kwamba kilo moja ya jiwe inabeba mara 10,000 ya kilichomo kwenye lita moja ya maji. Hayo ni matokeo mazuri kwa zeolaiti isiyotengenezwa. Mzigo wake utakuwa miligramu 10 kwa kilo, yaani sehemu 10 kwa milioni, juu ya jiwe lenye zaidi ya 300. Vipande viwili vya mwamba uleule vilivyookotwa hatua chache kutoka kimoja hadi kingine vinaweza kutofautiana zaidi ya hapo.

Ndiyo maana nasema kuna kukusanya kwa ajili ya kupima na kukusanya kwa ajili ya kuuza, na hizi ni kazi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inawezekana. Ya pili, kwa maji ya kijito, haiwezekani, na sababu ziko ndani ya muundo wa zeolaiti yenyewe.

Zeolaiti ni kiunzi cha silikoni, alumini na oksijeni chenye vijia vyembamba ndani yake. Kila mahali ambapo alumini imekaa badala ya silikoni, kiunzi kinabaki na chaji moja hasi, na chaji hiyo lazima ilipwe na ioni chanya iliyokaa kwenye kijia: sodiamu, potasiamu, kalsiamu. Ioni hizo hazijafungwa moja kwa moja, zinaweza kupisha nyingine. Fikiria daladala yenye viti vya mtu mmojammoja vilivyotawanyika. Sodiamu ina chaji moja, inataka kiti kimoja. Lanthanamu ina chaji tatu, inataka viti vitatu vilivyo karibu, na tena inapanda na mizigo, maana imezungukwa na molekuli kama tisa za maji zilizoishikilia kwa nguvu. Klinoptiloliti ina silikoni nyingi na alumini chache, kwa hiyo viti vyake viko mbalimbali. Milango yake ina upana wa kati ya nanomita 0.3 na 0.75, ilhali ioni ya lanthanamu pamoja na koti lake la maji ina kipenyo cha kama nanomita 0.9. Lazima ivue sehemu ya koti ili ipite, na kuvua huko kunagharimu nishati kubwa. Sesiamu, ambayo ina chaji moja na hushika maji kwa ulegevu, inavua kwa urahisi na kuingia.

Kwa sababu hiyo klinoptiloliti hupendelea sesiamu, potasiamu na amonia kuliko karibu kila kitu kingine. Huo ndio uwanja wake, na pale inafanya kazi ya ajabu. Kiwandani Sellafield, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, tangu mwaka 1985 kuna mtambo unaopitisha maji ya madimbwi ya nyuklia kwenye klinoptiloliti asilia iliyochimbwa Mud Hills, California, ili kuondoa sesiamu na strontiamu zenye mionzi kabla maji hayajafika baharini. Jiwe la kawaida, lililosagwa na kuchekechwa, linalinda bahari. Nalipenda jiwe hili kwa dhati, na ndiyo maana sipendi lisifiwe kwa kazi isiyo yake.

Kwa haki, kuna jambo linaloisaidia lanthanamu. Maji yakiwa na chumvi chache sana, vibadilisha ioni vyote huelekea kupendelea ioni zenye chaji kubwa zaidi. Kwa hiyo kwenye maji laini ya milimani zeolaiti inaweza kushika madini adimu vizuri kuliko mtu angetegemea kwa kuangalia milango tu. Isitoshe, zeolaiti asilia mara nyingi ina utando wa oksidi za chuma na manganizi juu ya punje zake, na oksidi hizo hushika madini adimu kwa mapenzi makubwa. Mara kadhaa sifa apewayo zeolaiti ni ya kutu iliyoipaka. Shabaziti na filipsiti, zenye alumini nyingi zaidi, nazo hubeba ioni nyingi kuliko klinoptiloliti kwa uzito uleule. Lakini chumvi ikizidi majini, faida hiyo inayeyuka. Katika maji ya bahari, ambamo kila lita ina karibu gramu 11 za sodiamu na neodimiamu ya nanogramu chache tu, ushindani hauna maana.

Hapa dunia yenyewe imeshatufanyia jaribio, na matokeo yake yanafundisha kuliko jaribio lolote la maabara. Chini ya Bahari ya Pasifiki, kwenye vina vya kilomita 4 na zaidi, kuna tope la udongo ambalo filipsiti imeota ndani yake kwa wingi. Zeolaiti hiyo imelala ndani ya maji ya bahari mamilioni ya miaka. Mwaka 2011 Yasuhiro Kato wa Chuo Kikuu cha Tokyo na wenzake walitangaza kwamba tope hilo mahali pengine lina madini adimu zaidi ya sehemu 1,000 kwa milioni, nao wakadhani filipsiti pamoja na oksidi za chuma ndizo zilizoyakusanya. Dhana hiyo ilikuwa na mantiki. Baadaye wanasayansi wa Japani walilenga miale ya eksirei kwenye punje mojamoja ili kuona lanthanamu imekaa wapi. Haikuwa kwenye filipsiti. Ilikuwa kwenye vipande vidogo vya meno na mifupa ya samaki, ambavyo ni fosfeti ya kalsiamu. Zeolaiti na mfupa vililala kitanda kimoja muda wote huo, na madini adimu yakaenda kwenye mfupa.

Kumbuka hilo la mfupa, nitalirudia.

Sasa maji ya magadi. Ukipima kijito chako kwa karatasi ya pH (kipimo cha asidi na magadi, ambapo 7 ni katikati), nadhani utakuta juu ya 8, na kadiri unavyokaribia Natron inapanda kuvuka 9. Katika maji kama hayo lanthanamu haitembei peke yake. Kaboneti iliyomo kwenye magadi inaikumbatia, kwanza moja, kisha mbili, na ikishakumbatiwa na mbili jumla ya chaji inakuwa hasi. Kumbatio hilo ndilo linaloifanya ibaki majini badala ya kutuama, na ndiyo sababu maji ya maziwa ya magadi yanaweza kuwa na madini adimu mengi. Lakini vijia vya zeolaiti vinapokea ioni chanya tu. Chenye chaji hasi kinafukuzwa mlangoni. Elementi nzito za kundi hili, kama disprosiamu, ambazo ndizo ghali, hukumbatiwa na kaboneti kwa nguvu zaidi kuliko zile nyepesi. Kwa hiyo maji yanayoonekana kuwa tajiri ndiyo zeolaiti inayashindwa zaidi, na inashindwa hasa kwenye kile chenye thamani. Ukiongeza kwamba maji hayo yamejaa sodiamu na potasiamu zinazogombea viti vilevile, utaona kwa nini sikushauri kuongeza mifuko.

Ukijaribu kuyatia asidi ili kuvunja kaboneti, unakutana na shida ya upande wa pili. Kwenye asidi kali, chini ya pH 3 hivi, ioni za hidrojeni zinachukua viti, na asidi inaanza kung'oa alumini kwenye kiunzi chenyewe. Zeolaiti inafanya kazi vizuri kwa elementi hizi katikati, kama pH 4 hadi 6. Ziwa Natron haliko huko.

Bado kuna suala la kutoa. Kukusanya bila kuweza kutoa ni kuhamisha tu. Lanthanamu ikishavua koti na kukaa ndani ya kijia, haitoki kirahisi. Sekta ya mafuta inalijua hilo vizuri na inalitumia kwa faida yake: tangu miaka ya 1960 viwanda vya kusafisha petroli vimekuwa vikitia lanthanamu na seriamu kwa makusudi ndani ya zeolaiti ya kutengenezwa, kisha kuichoma, ili ioni hizo zijifungie ndani na kukifanya kiunzi kivumilie joto na mvuke. Wanaitumia kwa sababu haitoki. Kwa hiyo usije ukachoma zeolaiti yako ukidhani unaisafisha au unazidisha mkusanyiko. Utakuwa umefunga mlango.

Linganisha na mahali ambapo kuvuna ioni kutoka kwenye udongo kumefanikiwa kibiashara. Kusini mwa China, katika mkoa wa Jiangxi, mwaka 1969 iligunduliwa katika wilaya ya Longnan kwamba udongo mwekundu uliotokana na kuoza kwa granaiti umeshika madini adimu juu ya punje zake kwa njia hiyohiyo ya kubadilishana ioni. Udongo huo una asilimia 0.05 hadi 0.2 tu, lakini ukiumwagia chumvi ya amonia unayaachia kwa urahisi, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya elementi nzito za dunia imetoka huko. Siri yake ni mambo matatu. Mvua ya mamilioni ya miaka ndiyo iliyofanya kazi ya kukusanya, bure. Maji yale yalikuwa na asidi kidogo, si magadi. Na udongo wa mfinyanzi hushika juu ya uso wake, si ndani ya vijia, kwa hiyo unaachia. Karibu na kwetu, mradi wa Makuutu katika eneo la Busoga, mashariki mwa Uganda, unalenga udongo wa namna hiyo. Nisisahau kusema gharama yake: huko Jiangxi amonia iliingia kwenye maji ya ardhini na milima ikabaki na makovu ambayo serikali ya China imelazimika kutumia fedha nyingi kuyatibu.

Ukitaka kipimo cha kile kinachoitwa mgodi kwa Tanzania, angalia Ngualla mkoani Songwe. Akiba yake iliyotangazwa ni tani milioni 18.5 zenye oksidi za madini adimu asilimia 4.80. Hiyo ni sehemu 48,000 kwa milioni. Wewe una 319. Hata mwamba wako wenyewe, achilia mbali maji, uko mbali mno na hapo.

Je, kuna maji ambayo yanafaa kuvunwa? Yapo, ila ni maji yenye asidi yanayotoka kwenye migodi. Katika maeneo ya makaa ya mawe ya Appalachia nchini Marekani, maji hayo yana madini adimu ya mamia ya mikrogramu kwa lita, yaani mamia ya mara kuliko mto. Watafiti wa West Virginia University wamejenga mtambo huko Mount Storm unaosafisha maji hayo na kupata tope lenye madini adimu kwa wakati mmoja. Hawatumii zeolaiti. Wanapandisha pH kwa hatua: kwanza chuma na alumini vinatuama na kuondolewa, kisha madini adimu yanatuama. Kazi ya kusafisha ingefanyika hata hivyo kwa sababu ya sheria, kwa hiyo madini ni nyongeza. Hesabu ya namna hiyo ndiyo inayosimama. Mtu anayeanza na maji safi ya kijito anajitwika gharama yote peke yake: kwa mikrogramu 1 kwa lita, kilo moja ya mchanganyiko inadai lita bilioni moja, na zaidi ya nusu ya kilo hiyo itakuwa lanthanamu na seriamu ambazo oksidi zake kwa miaka ya karibuni huuzwa dola chache tu kwa kilo au chini ya hapo.

Nisingependa uache hapa, maana umefanya kile ambacho wengi hawafanyi: umejaribu na ukapeleka maabara. Kuna kazi ya kweli ambayo mfuko kama wako unaweza kufanya, nayo ni kutega. Mtego unaokaa kijitoni kwa wiki kadhaa hukusanya alama ya kile kinachopita, hata kama siku uliyochota chupa maji yalikuwa hayana kitu. Wapelelezi wa madini na watu wa mazingira hutumia mitego ya aina mbalimbali kwa namna hiyo. Mkondo ambao mtego wake unaonyesha madini adimu mengi kuliko mikondo jirani unaweza kukuelekeza juu, kwenye mwamba wenyewe.

Ili mtego uaminike, ufanye hivi. Aina ya zeolaiti ikishajulikana na erioniti ikikosekana, chukua chenga za ukubwa wa milimita 1 hadi 2 badala ya unga, uzioshe mpaka maji yatoke safi, kisha uziloweke kwenye maji ya chumvi ya kula yaliyokolea, ubadilishe maji hayo mara kadhaa kwa siku chache, na uzioshe tena kwa maji safi. Hapo viti vingi vitakuwa na sodiamu, ambayo inapisha kwa urahisi. Gawa chenga hizo mafungu matatu. Moja liweke kijitoni. La pili liweke kwenye ndoo ya maji safi yasiyo na madini kwa muda uleule, hilo ndilo shahidi wako. La tatu libaki kavu. Ukimaliza, usiiambie maabara iyeyushe jiwe. Waombe wayaoshe mafungu yote kwa myeyusho wa kloridi ya amonia na kupima kilichotoka kwenye myeyusho huo. Amonia ni kipenzi cha zeolaiti na, maadamu chenga hazijachomwa, itasukuma nje kile kilichoshikwa kwa kubadilishana na kuziacha punje za apatiti zikiwa zimelala na mzigo wao wa asili. Tofauti kati ya fungu la kijitoni na la ndoo ndiyo kazi ya maji.

Maji yenyewe nayo yapimwe. Yachujwe hapohapo kijitoni kwa kichujio cha mikromita 0.45, kwa sababu tope linalotembea na maji hubeba madini adimu mengi kuliko maji, na mfuko wako wa nailoni ulinasa tope hilo pia. Yatiwe asidi ya naitriki safi ya maabara na kuwekwa kwenye chupa ya plastiki iliyooshwa kwa asidi. Kipimo kinachofaa ni kile cha plazma na spektromita ya masi (ICP-MS). Bunduki ya eksirei ya mkononi, ile wanayotembea nayo wanunuzi wa madini, isikudanganye: bariamu na titaniamu za kwenye mwamba wa volkano hutoa miale inayokaribiana na ya lanthanamu na seriamu, na mashine huchanganya.

Na sasa ule mfupa. Pale Ngurdoto, Arusha, kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuondoa floridi kwenye maji ya kunywa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huo ni fosfeti ya kalsiamu, jamaa wa karibu wa yale meno ya samaki wa Pasifiki, na fosfeti hushika madini adimu kwa nguvu hata kwenye maji yenye kaboneti kama ya bahari. Zeolaiti haiondoi floridi kwa sababu floridi ina chaji hasi, lakini mfupa unaiondoa. Kama ningekuwa na kijito chako, ningetega mifuko miwili sambamba, mmoja wa zeolaiti na mmoja wa mkaa wa mifupa, kila mmoja na shahidi wake wa ndoo. Mfupa wenyewe una madini adimu kidogo sana tangu mwanzo, kwa hiyo huu wa pili unaweza kuyeyushwa wote bila kukupotosha.

Tahadhari ya mwisho kwa mifuko yote miwili: pale penye madini adimu mara nyingi pana thoriamu na urani, na mtego unaokusanya hivi unakusanya vile. Kwa mfuko mmoja wa majaribio hakuna la kuogopa. Ukifika mahali pa kurundika chenga zilizotumika kwa magunia, wasiliana kwanza na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania wazipime, na usizimwage malishoni. Majibu ya fungu la kijitoni, la ndoo na ya maji yaliyochujwa yakishatoka, niandikie namba zote pamoja na pH ya siku uliyotega, nitakufanyia hesabu yake.